Ishirini za Ndege, Ishirini na Tano za Kiboko

Siku hizi wajukuu wangu husema asilimia. Sisi tulisema "katika mia", kwa sababu mwalimu wetu alisema hivyo, na kati ya Ifakara na mto hapakuwa na mtu mwingine aliyeijua hesabu hiyo kiasi cha kumsahihisha.

Mwalimu huyo alikuwa katekista aliyetoka pwani. Kabla ya kuingia kazi ya dini alikuwa karani wa misafara, na huko alipata mambo mawili: kanzu yenye mfuko wa ndani na mapenzi makubwa ya hesabu za mia. Ilikuwa miaka michache tu tangu Wadachi wabadilishe rupia. Zamani rupia moja ilikuwa pesa sitini na nne. Sasa ikawa heli mia. Watu wazima walinung'unika kwamba wamezoea sitini na nne yao. Mwalimu wetu alifurahi kana kwamba amepata mtoto. Alituambia kwamba sitini na nne ni hesabu iliyochoka njiani ikaketi, lakini mia ni hesabu iliyofika.

Shule ilikuwa banda la matete pembeni mwa kanisa, na wanafunzi tulikuwa kumi na saba. Hesabu ya mia haipendi kumi na saba. Kwa hiyo kila asubuhi mwalimu alituambia, "Fikirini mko mia," nasi tulibanana kwenye magogo ili wale themanini na watatu wengine wapate pa kukaa. Siku moja alitukagua miguu, akatangaza kwamba sabini katika mia kati yetu hatukuoga. Mdogo wangu wa kiume alipiga hesabu akapata watu kumi na mmoja, na wa kumi na mbili ambaye alikuwa hajaoga karibu mwili wote. Mapumziko yote tuliyatumia kumtafuta huyo wa kumi na mbili. Mwishowe tulikubaliana kuwa ni msichana mmoja aliyekuwa na mkono mmoja msafi.

Mwalimu alipima kila kitu namna hiyo: mvua, usikivu, hata uchungu wa dawa ya minyoo. Jioni moja alimwambia mkewe kwamba ugali wake umeiva themanini katika mia. Kesho yake alifundisha bila kupata kifungua kinywa, na wiki nzima ilipita kabla hajasikika tena akipima chakula.

Mimi niliipenda sana hesabu ile, na sababu yangu haikuwa ya kuchekesha. Baba yetu alikwenda Mahenge wakati wa Maji Maji, akiwa amenyunyiziwa dawa ambayo waliomnyunyizia walisema haina shaka hata chembe. Hakurudi. Baada ya vita ikaja njaa, maana mashamba yalikuwa yamechomwa na maghala pia, na watu wakachimba mizizi ambayo hata nguruwe huiacha. Kwa hiyo mtu mzima aliposimama mbele yangu na kusema kwamba jambo fulani lina themanini, na hizo ishirini zilizobaki hana hakika nazo, nilimwona ndiye mtu mkweli wa kwanza niliyekutana naye.

Alhamisi moja alifunga somo kwa kutuambia kwamba kesho tutajifunza katika mia ya kilichobaki, na kwamba hiyo ndiyo ngumu. Kesho yake sikuwapo. Mama alikuwa na homa tangu Jumapili, na Ijumaa alfajiri akafariki. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano hivi, nikabaki na wadogo watatu: yule wa kiume niliyemtaja, msichana aliyemfuata, na kitinda mimba wetu, msichana wa miaka mitano. Shule niliiacha hapo, nikiwa na nusu ya hesabu.

Kwetu, siku ya kumaliza matanga ndiyo siku ya kuwagawa watoto. Ndugu wa marehemu huketi, hula, halafu huulizana nani atakwenda kwa nani. Hakuna anayeona vibaya. Waliokuja kwetu walikuwa wengi, lakini wenye neno walikuwa wawili. Wa kwanza ni baba mdogo, yaani mdogo wake baba, aliyekuwa akiishi ng'ambo upande wa Malinyi, mwenye mtumbwi wake na sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu walio ukingo wa pili. Wa pili ni shangazi, dada yao mkubwa, aliyekuja kwa miguu kutoka Idete na alikuwa na uchovu ambao hakuuficha.

Baba mdogo alieleza mpango wake kwa upole. Mdogo wangu wa kiume na kitinda mimba wangekwenda naye. Yule msichana wa katikati angekwenda na shangazi. Mimi nilikuwa mkubwa, akasema, na kuna mwindaji mmoja wa viboko amekwisha uliza habari zangu, mtu mzuri, mwenye wake wawili na mbwa sita. Alisema haya akitazama mkeka. Mwaka wa njaa alikuwa amezika watoto wake wawili kwa mikono yake, na kila alipoona watoto wanne kwenye nyumba moja alianza kuhesabu vyungu.

Mimi nilikuwa nimemwahidi mama. Hakuniomba, nilimwahidi mwenyewe, wakati hasikii tena, kwamba hawa watatu sitawaachia. Nikasimama, nikasema, "Baba mdogo, shikamoo tena. Shamba la mama lipo. Litatulisha wote wanne mpaka mavuno mengine."

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Hesabu."

Watu wakageuka kunitazama. Nami nilikuwa nimejiandaa. Mpunga wa mama ulikuwa bondeni, karibu kutoa masuke, na katika zile siku za matanga nilikuwa nimelipima shamba lote kwa hatua na kuligawa kwa vijiti: vipande kumi huku na vipande kumi kule. Mama alizoea kusema kwamba kipande cha hatua saba kwa saba, kama hakuna aliyekigusa, hutoa kikapu kimoja cha mpunga. Kwa hiyo nilikuwa na vipande mia na vikapu mia. Sikuwahi kuona kitu kizuri kama hicho. Wanne sisi, nikawaambia, tunakula vikapu viwili vya mchele kwa mwezi. Kwa mwaka ni ishirini na vinne. Na hapa kuna mia.

Shangazi aliuliza kama ndege nao wamo katika wale wanne.

Nilikuwa nimelitegemea swali hilo. Nikachukua kijiti, nikaandika chini, huku nikiwaomba wazee wanisaidie, maana nilidhani kuwaomba wazee ni heshima na kumbe ni hatari. Ndege, baada ya mabishano, walipewa ishirini katika mia. Kiboko alipewa ishirini na tano. Mzee mmoja alitaka apewe thelathini, wakampunguzia kwa sababu mwaka ule maji yalikuwa mengi na majani yalikuwepo kwingine. Nguruwe pori walipewa ishirini bila ubishi. Halafu shangazi akakumbusha pumba: mpunga ukitwangwa, vikapu viwili hurudi kikapu kimoja. Kwa hiyo pumba hamsini. Kila mtu alichangia kwa moyo. Nadhani haijapata kutokea tena ukoo wetu ukaelewana kiasi hicho.

Nikajumlisha kwa sauti, kama mwalimu alivyotufundisha. Ishirini, na ishirini na tano, na ishirini, na hamsini. Nilifika mia na kumi na tano kabla sijaweza kujizuia.

Baba mdogo akarudia pole pole, "Mia na kumi na tano."

"Ndiyo, baba mdogo."

"Na shamba lina ngapi?"

"Mia."

"Kwa hiyo hizo kumi na tano, tutawapelekea wenyewe, au kiboko atatuma mtu?"

Walicheka mpaka mzee mmoja akapaliwa na ugoro. Hata mdogo wangu wa kiume alicheka, na baadaye nilimnyima mboga. Baba mdogo peke yake hakuendelea kucheka. Alisema hesabu yangu imethibitisha alichokihofia, kwamba shamba lile halitatosha hata kwa kumwonyesha mgeni. Kesho asubuhi, jua likitoka, angeondoka na wale wawili kwa mtumbwi.

Niliondoka pale nikaenda uani, ambako shangazi alikuwa tayari amekamata mchi ili kutwanga mchele wa jioni. Nikakamata mchi wa pili. Tulitwanga kwa zamu, yeye akipiga na mimi nikipiga, na machozi yangu yakiingia kinuni bila mtu kuyapima. Hakunibembeleza, haikuwa kazi yake. Baada ya muda aliacha kutwanga, akaegemea mchi, akaniuliza swali ambalo lilikuwa likimsumbua tangu barazani.

"Ule mpunga ulioliwa na ndege, pumba zake nazitwanga wapi?"

Nikamwambia sijaelewa.

"Umenipa pumba za vikapu vyote mia. Na kati ya hivyo, ishirini wamekula ndege, na nguruwe amekula, na kiboko amekula. Wanatuletea pumba nyumbani, au mimi niende na kinu huko kwa kiboko?"

Nilibaki na mchi hewani. Kisha nikauacha udondoke, nikaingia ndani, nikatoka na ungo na kibaba cha mpunga. Nilihesabu punje mia juu ya ungo. Nikatoa ishirini za ndege. Nikasimama hapo nikazitazama zilizobaki, na ndipo nilipoona jambo ambalo mtoto yeyote wa bondeni angeliona kama asingekwenda shule: kiboko anayekuja baada ya ndege hali mpunga ulioliwa na ndege. Anakula ulio mbele yake. Hii ndiyo katika mia ya kilichobaki, ile ya Ijumaa niliyoikosa, na shangazi alikuwa nayo siku zote, kwenye kinu.

Nilirudia punje zile mara nne mpaka zikanyooka. Nilitaka kwenda kwa baba mdogo jioni ile ile, lakini alikuwa na wazee na kibuyu cha pombe, na shangazi alinishauri nisipeleke hesabu mahali penye kibuyu.

Asubuhi nilifika ukingoni kabla yao. Baba mdogo alikuja na mpondo wa kusukumia mtumbwi begani, nyuma yake wadogo zangu wawili, kila mmoja na kifurushi chake. Kitinda mimba alikuwa ameingia mtumbwini na kuketi kabla hajaambiwa, kwa vile hakuwahi kupanda mtumbwi na aliona ni matembezi. Nikaweka ungo chini, penye udongo mkavu, nikamwamkia baba mdogo, nikamwomba awe ndege.

"Niwe nini?"

"Ndege, baba mdogo. Hizi ni mia. Chukua ishirini."

Alinitazama, akamtazama shangazi aliyekuwa amenifuata, naye akamwambia, "Chukua, mdogo wangu. Usiku umekunywa kama ndege, asubuhi ule kama ndege." Akachuchumaa, akatoa punje ishirini, moja moja, kwa vidole vinene vya mtu wa nyavu. Zikabaki themanini. Nikamwambia sasa awe kiboko. Ishirini na tano katika mia ni moja katika kila nne, na atoe kwa hizo zilizopo. Akatoa. Alipomaliza akazihesabu alizotoa, akakunja uso.

"Ishirini. Kiboko ishirini na ndege ishirini? Wewe umewahi kumwona kiboko?"

"Amechelewa, baba mdogo. Amekuta ndege wamekwisha kula."

Akawa nguruwe bila kusukumwa, moja katika kila tano, akatoa kumi na mbili. Zikabaki arobaini na nane. Nusu yake ikawa pumba. Zilizobaki juu ya ungo alizihesabu mara mbili, akizisogeza kwa kidole: ishirini na nne. Vikapu viwili kwa mwezi, miezi kumi na miwili.

Nilisubiri anisifu. Akauliza, "Na mbegu?"

Mbegu sikuzifikiria. Mtu anayelima anaweza kusahau jina lake lakini si mbegu, na mimi nilizisahau kwa sababu mwalimu hakuwahi kuzitaja. Nilisikia masikio yangu yakipata moto. Nikasema jambo pekee lililokuwa limebaki kichwani: kwamba zile ishirini za ndege ni za mwaka ambao mama aliamia, yaani alifukuza ndege, peke yake. Tukiwa wanne shambani, kila mmoja kona yake, ndege hawatapata ishirini. Lakini akiwachukua wawili, na shangazi akachukua mmoja, hapatakuwa na wa kuamia, na ndege watakula mpaka wachoke. Nikamwambia, "Hawa si midomo tu, baba mdogo. Ni mikono pia."

Alikuwa bado amechuchumaa, akiutazama ungo na kufikiri, na kwa kuwa sisi sote tulimtazama yeye, hakuna aliyemwona kuku. Alitoka kwenye matete, kuku jike wa mtu, akala punje zetu mbili, kisha tatu. Kitinda mimba wetu ndiye aliyemwona. Alisimama ndani ya mtumbwi na kumtupia kifurushi chake, na ndani ya kifurushi kile mlikuwa na nguo yake moja na kibuyu kidogo. Kuku alipaa akilalamika. Mtumbwi ukayumba, mtoto akakaa ndani ya maji ya sakafuni, akanyoosha kidole na kutangaza kwamba amekula tano.

Baba mdogo alizihesabu. Zilikuwa kumi na tisa.

Alivuta pumzi ndefu kama mtu anayeinua mzigo. Akasema watoto watabaki mpaka mavuno. Mavuno yakifika atakuja mwenyewe kupima, na kama mchele hautafika vikapu ishirini na vinne baada ya kutoa mbegu, basi atawachukua wale wawili na hatataka kusikia habari ya ungo. Habari ya yule mwindaji nayo ingengoja. Shangazi alimwambia kuwa amesema vizuri, na amrudishie mtoto nguo kavu.

Miezi iliyofuata tuliishi shambani. Tulijenga dungu la kulindia katikati na vibanda vidogo kwenye kona, tukafunga kamba za magome kutoka kona hadi kona, zenye maganda ya konokono na vibuyu vilivyopasuka, hivi kwamba mmoja akivuta, bonde zima lilisikika kama harusi ya vichaa. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na kombeo. Kila jioni kila mtu alitoa taarifa. Yule wa katikati alikuwa mkweli, akisema ndege wamempita mara tatu. Wa kiume siku zote alisema kwenye kona yake hawakuchukua hata moja katika mia, na nilipokwenda kukagua nikakuta masuke yamesimama wima kwa wepesi, kama watu wasio na mzigo. Kitinda mimba alitoa namba zozote alizozipenda siku hiyo. Mara moja alisema wamekula juzi.

Kiboko alikuwa hajaambiwa kwamba ana ishirini na tano. Asubuhi moja tulikuta barabara imekatwa katikati ya mpunga, pana kuliko ile ya Wadachi. Vipande kumi na kimoja alikuwa amevila, na vingine vinane alikuwa amevilalia tu. Tulibishana kwa muda mrefu kama kuulalia mpunga ni kuula. Mdogo wangu alisema mwalimu angehesabu nusu. Mimi nilisema tuinuke tukausimamishe kwa mikono, tukaufunga mafungu mafungu, na sehemu yake ikapona. Alirudi mara mbili zaidi, na mara ya tatu nilikaa peke yangu dunguni jioni nzima nikipiga vibuyu na kumtukana kwa maneno niliyoyasikia kwa wachukuzi wa misafara. Sijui kama ni maneno au ni vibuyu, lakini hakurudi tena kwetu. Alikwenda kwa jirani, ambaye hatukuongea naye vizuri mpaka masika mengine.

Tulivuna. Ndege, kwa kweli, walipata kidogo sana. Kiboko alipata zaidi ya stahili yake. Nguruwe nao walikuwa nguruwe. Nilipima mpunga kwa kikapu cha mama, nikapata vikapu arobaini na vinne. Nikapima mara ya pili, nikiujaza kwa upole bila kushindilia, na bado vilikuwa arobaini na vinne. Kutoa vinne vya mbegu, arobaini. Nusu pumba. Mchele ungekuwa vikapu ishirini. Ulipungua vinne, sawa na miezi miwili.

Baba mdogo alifika siku mbili baadaye, na shangazi alikuwepo, akitusaidia kupepeta. Hakutaka kusalimiana kwa kirefu. Aliingia ghalani, akapima mwenyewe, midomo ikicheza. Nilisimama mlangoni nimemshika mkono kitinda mimba, nikimkaza kuliko alivyostahili. Baba mdogo alipima kikapu cha mwisho, akakifuta vumbi, akatoka nje akichechemea kwa sababu ya kuchuchumaa. Akatutazama sote wanne.

"Vinatosha," akasema.

Nilidhani sijasikia vizuri. Shangazi aliendelea kupepeta, hakuinua hata jicho. Baba mdogo akaomba maji, akanywa, akasema nisisahau kuweka majivu kwenye mbegu kwa ajili ya wadudu. Akalala kwetu siku moja, akala vizuri, akaondoka.

Niliamini kwamba amekosea. Mtu asiyesoma, nilijiambia, amechanganyikiwa kwenye kutoa mbegu au kwenye nusu ya pumba. Ningeweza kumsahihisha. Nilinyamaza. Na kwa kunyamaza huko nilikosa raha miezi mingi, hata nikaenda kuungama. Padre wetu alikuwa Mdachi mwenye Kiswahili cha polepole. Nilimweleza kwamba baba mdogo amekosea hesabu nami sikumwambia, kwa sababu angewachukua wadogo zangu. Aliniuliza pungufu lilikuwa ngapi. Nikamjibu, kumi na sita na kitu katika mia. Nadhani alipiga hesabu kwanza, kisha akanipa Salamu Maria tatu na kuniuliza nimesoma wapi.

Mchele uliisha kama ulivyotakiwa kuisha. Nilikuwa na matumaini kwamba tukila kwa kujibana tutavuka, lakini mdogo wangu wa kiume alichagua mwaka huo kurefuka. Mwezi wa kumi tangu mavuno ulipokwisha, ghala lilikuwa na harufu tu. Vikapu vinne vya mbegu nilikuwa nimevifunga kwa kamba na kuvikalia mpaka siku ya kupanda. Tukaanza kula kambale na mboga za majani, na mihogo tuliyoomba kwa watu, nami nikawaagiza wadogo zangu kwamba mtu yeyote kutoka ng'ambo akiuliza, waseme wameshiba.

Wiki ya pili ya hali hiyo, mchana, tuliona mtu anapanda kutoka mtoni na mzigo kichwani. Alikuwa baba mdogo. Nilitoka mbio kumpokea, na njiani nikawa natunga maneno: kwamba ghala limefungwa kwa sababu ya panya, kwamba mchele upo lakini uko mbali. Akautua mzigo mbele ya mlango. Kilikuwa kikapu cha mchele. Akasema kingine kiko mtumbwini, na kwamba vya shangazi viwili vinakuja kesho na mtu wa Idete.

Nikamwamkia.

"Marahaba," akajibu. Akakaa kwenye kizingiti, akavua kofia. "Mwezi wa kumi na moja huu. Nilisema nije wiki iliyopita, nyavu zikanichelewesha."

Nikamwuliza alijuaje.

"Arobaini na vinne. Toa mbegu. Twanga." Alisema hivyo kwa uchovu, kama mtu anayemweleza mtoto njia ya kwenda kisimani. "Ulidhani mimi nilihesabu nini mle ghalani, mama? Popo?"

Wadogo zangu walikuwa wamekwisha kizunguka kikapu. Niliinama kukiinua nikipeleke ndani, nikaona hakikujaa mpaka ukingoni. Kilipungua kama vibaba viwili hivi. Baba mdogo aliona ninakitazama. Akasema kilikuwa kimejaa alipotoka kwake, lakini safari ilikuwa ya siku mbili na mtu hula, na kwamba kama nina kijiti mkononi nikitupe.